Ukuta Niliopindisha Ngazini

Kuna watu wakiombwa kusimulia aibu yao huanza kwa kusema ilimpata rafiki yao mmoja. Mimi sina tabia hiyo. Yaliyotokea kijijini kwetu Ngazini yalinipata mimi mwenyewe, Osmundi mwana wa mzee Kasiani, mwenye stashahada ya ujenzi, tena mbele ya kijiji kizima kuanzia watoto wa mgongoni hadi vikongwe, na mpaka leo nikikutana na mtu wa kwetu, hata kama ni stendi ya Songea mjini katikati ya makelele, kabla hajanisalimu anainamia sikio langu, ananong'ona kitu chochote kile, halafu anacheka mpaka anashika mbavu. Basi leo niwaeleze kicheko hicho kilitoka wapi.

Kwanza mjue mimi ni nani (si kujisifu, ingawa sifa zenyewe zipo). Niliondoka Ngazini juu ya lori la tumbaku lililotoka Namtumbo, nimevaa kaptura ya shule na sina ndugu hata mmoja Dar es Salaam, nikaanza kwa kukoroga zege, mchana nakoroga na jioni nasoma, mpaka nikaingia chuo na kutoka na stashahada ambayo niliiwekea fremu ya kioo. Niliporudi Songea ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ambayo zamani tulipanga foleni kusubiri sabuni sasa yalikuwa na saruji, bati, rangi za kila namna na misumari ya urefu wowote unaoutaka. Nikafungua chumba cha kazi pale Mfaranyaki, nikatundika fremu yangu ukutani, nikaanza kuvaa tai hata siku ambazo hakuna mteja. Kutoka kwetu hakuna aliyekuwa amefika hapo, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Kijiji chetu kiko juu ya Mpitimbi, kwenye kilima kilichobonyea katikati kama kiti kilichokaliwa muda mrefu. Nyumba zimepangwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina ukingo wa mawe yaliyopangwa kwa mkono bila saruji, ndiyo maana pakaitwa Ngazini. Babu zetu walipanda huko kujificha wakati wa vita vya Majimaji, vita vikaisha, wao wakaona hewa ni nzuri, hawakushuka tena. (Hata ile operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilipita kule chini barabarani; lori lilishindwa kupanda, na wakubwa walipotazama juu wakasema hawa tayari wanaishi kwa safu, waacheni.)

Nyumba ya juu kabisa ilikuwa ya mlinzi. Akiona vumbi la askari bondeni anaita, nyumba ya ngazi ya pili inapokea, inaiteremshia ya tatu, na kabla askari hajafunga kamba ya kiatu kijiji kizima kimeshajua. Wakati wangu hapakuwa tena na askari lakini mtindo ulibaki: msiba, mtoto kuzaliwa, nguruwe pori kuingia kwenye mahindi, padri kufika, vyote viliteremka kwa mdomo. Na nyumba ile ya juu alikaa shangazi yangu Winifrida, dada yake baba, mwanamke mwenye kifua cha kuimba kwaya nzima peke yake, tulimwita redio yetu, ila redio hii ilikuwa haizimiki.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Karibu kila ukuta wa mawe pale Ngazini una mkono wake au wa baba yake. Ramani hakujua kusoma; alichojua ni kitu alichokiita kusikiliza kiwanja. Kabla ya kuchimba msingi anasimama katikati ya kiwanja, anavua kofia, anainua mkono, na shangazi kule juu anaita jina lolote linalomjia. Baba anasikiliza, anasogea hatua mbili kulia, anainua mkono tena, anasikiliza tena, hivyo hivyo hata asubuhi nzima, mpaka apapate mahali ambapo sauti ya juu inafika bila kuchubuka. Hapo ndipo anapigilia kigingi. Nyumba isiyosikia iliyo juu yake, kwa watu wa kwetu, haikuwa nyumba. Na kulikuwa na jambo moja zaidi: jengo jipya halihesabiwi kuwa la kijiji mpaka fundi mzee aingize moto wa kwanza, makaa kutoka jikoni kwake, kwenye kigae cha chungu. Bila moto huo watu watapita hapo miaka na miaka wakiliita lile banda.

Basi kijiji kikaamua kujenga ukumbi, pahali pa mikutano na pa wanunuzi binafsi wa mazao ambao walikuwa wameanza kupanda mpaka kwetu, na mwenyekiti akaja Mfaranyaki kunitafuta. Wazee walikuwa na hofu moja tu. Kijiji cha jirani kilijenga ghala katikati ya nyumba za zamani, refu, limesimama kama kabati lililosahauliwa uani, na wazee wetu wakasema afadhali kukosa ukumbi kuliko kuharibu sura waliyotuachia babu zetu. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, mimi nimesoma namna ya kuweka jengo jipya mahali pa kale mpaka mgeni adhani lilikuwepo siku zote. Na kweli (hapa naomba mnipe haki yangu) ramani ile ilikuwa nzuri. Paa nililipa mwinamo uleule wa nyumba za zamani. Msingi ulikuwa wa mawe yaleyale ya kilima. Upande wa mlimani niliuacha wazi kwa nguzo tu, ili watu wakae kwenye ngazi zao, kila familia mbele ya mlango wake, na watazame chini ukumbini kama watu wa uwanja wa mpira.

Shida ilikuwa ukuta wa nyuma, ule wa kuelekea bondeni. Ukiujenga umenyooka, unagonga ukingo wa mawe wa ngazi ya mwisho, na ukingo ule ni wa zamani kuliko wote. Nikakaa nao usiku mmoja na mchana mmoja, halafu nikachukua penseli nikaupindisha. Basi. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, mstari mmoja wa penseli. Ukuta ukafuata ukingo wa mawe, ukajikunja kama ungo uliosimamishwa, tumbo lake bondeni na uwazi wake ukiwatazama watu wa juu. Nilipomaliza kuuchora niliupiga picha.

Baba alikuja kiwanjani siku tunaweka vigingi. Akavua kofia, akainua mkono, shangazi akaita kutoka juu, "Yusufuuu!" (hatuna Yusufu katika ukoo), baba akasikiliza muda mrefu, akasema:

"Hapa pana sikio. Weka nyumba, lakini ukuta usiupindishe."

"Baba, nimeupindisha ili tusibomoe mawe ya babu."

"Najua. Ungejenga mfupi, unyooke, uweke milango miwili katikati ipumue. Ukuta wa namna hii hauna siri."

Nikacheka. Nilimcheka baba yangu mbele ya mafundi, na nilivaa tai siku hiyo. "Chuoni, baba, hakuna somo la kusikiliza." Baba alivaa kofia yake akapanda kwenda nyumbani, na kuanzia hapo miezi yote ya ujenzi alinijibu salamu tu.

Nisiwafiche, hilo liliniuma. Kila siku nilipojifanya natazama kenchi za paa nilikuwa natazama mlango wake, ngazi ya nne, kama anatoka. Nilichokitaka kuliko kitu kingine chochote ni baba yangu ateremke siku ya ufunguzi na kigae cha moto, aingie ndani ya jengo la mwanawe. Ukumbi ulipokaribia kwisha nikampelekea ujumbe kupitia shangazi, nikamwomba aje aweke jiwe moja kwenye kona ya baraza, lake mwenyewe, kwa mkono wake. Akaja. Akaliweka. Akasema, "Moto nitauleta." Nilifurahi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ukuta wenyewe niliupiga lipu ya saruji, juu yake nikapiga niru, uji wa saruji wa kulainishia, mpaka ukang'aa kama sahani, kisha tukaufunika magunia mabichi ukauke polepole. Magunia yale tuliyavua asubuhi ya ufunguzi. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndiyo maana hakuna aliyekuwa amejua, hata mimi.

Ufunguzi ulikuwa baada ya misa. Watu wakajaa kwenye ngazi zao, akina mama na kanga mpya, wazee na makoti, na nyuma ya ukumbi wapishi walikuwa na sufuria kubwa ya wali kwa ajili ya mgeni rasmi, bwana mkubwa kutoka wilayani, ambaye alichelewa. Tukasubiri. Mwishowe mwenyekiti akasimama nje akapaza sauti: "Ndugu zangu, nyamazeni kabisa, hata watoto, tusikie gari likianza kupanda." Kijiji kikanyamaza. Sijawahi kusikia Ngazini pakiwa kimya namna ile.

Mimi nilikuwa ndani ya ukumbi, nimesimama katikati ya mkunjo wa ukuta, nimevaa suti yangu ya kijivu ya Dar. Pembeni, amekalia mfuko wa saruji uliobaki, alikuwa Salumu, rafiki yangu mfanyabiashara, mtu wa Tunduru mwenye duka la vifaa vya ujenzi palepale Mfaranyaki, ndiye aliyetuletea bati. Tukazungumza kwa sauti ya chini. Nasisitiza, sauti ya chini, ya watu wawili wenye adabu wanaoheshimu ukimya wa wengine.

"Wallahi Osmundi, kazi umefanya," alisema Salumu. "Ila mwenyekiti wenu koti lile kalitoa wapi?"

"Mitumba ya Songea. Ni la kike lile, tazama vifungo viko upande gani. Lakini nani atamwambia?"

Nikasikia mtu akicheka, karibu sana, kama amesimama nyuma ya bega langu. Nikageuka. Ukuta mtupu.

"Shangazi yako alitaka kunipa pombe yake ya komoni," Salumu akaendelea, "nikamwambia mama, mimi Mwislamu."

"Umeokolewa na dini yako. Mimi nikipewa namwaga kwenye mgomba nyuma ya nyumba yake. Mgomba wenyewe nadhani ndiyo sababu hauzai."

"Heee!" Sauti ya mwanamke, sikioni kabisa.

"Umesikia?" nikamuuliza Salumu.

"Nini?"

"Kama mtu kasema hee."

"Ukuta unakauka huo, bwana. Saruji mpya hulia." (Salumu anauza saruji, hajawahi kuitumia.) "Haya niambie, lile ghorofa ulilojenga Dar, lile wanalolisema hapa kijijini, ni lipi? Nikienda nilitazame."

Jamani, kama ningekohoa wakati huo. Kama gari lingefika. Lakini mtu ukishasifiwa kazi yako moyo unalegea, unataka kuwa mkweli kidogo kwa rafiki.

"Salumu, wewe ni mwenzangu. Mimi pale nilisimamia vyoo. Ghorofa ya kwanza mpaka ya nne. Lakini vyoo vile, nakwambia, havijavuja hata tone mpaka leo."

Salumu akacheka bila kutoa sauti, mabega yakimtikisika. Kisha akauliza lile swali.

"Na mzee? Mmepatana?"

"Tumepatana. Leo analeta moto. Nilimwachia aweke jiwe moja pale kwenye kona, roho yake itulie."

"Mbona pale kwenye kona sioni jiwe, ni lipu tupu?"

"Lilipinda vidole viwili. Macho yamekwisha, mkono unatetemeka. Alipokwenda kula nikaling'oa, nikaweka matofali mawili, juu yake lipu. Hajui. Ukweli, Salumu, mzee wangu hajui ujenzi. Anajua kupanga mawe."

Hapo ndipo niliposikia kikohozi. Kikohozi kikavu, mara mbili halafu mara moja, cha mtu aliyemeza vumbi la mawe tangu ujana wake. Nilikua nacho kikohozi kile, ningekijua hata katikati ya soko. Kilikuwa sikioni kwangu, na mwenye nacho, nilipoinua macho, alikuwa amesimama ngazi ya nne mbali kule juu, amevaa koti lake la kanisani, kigae cha makaa mikononi.

Na kijiji kizima, ngazi zote, hakuna aliyekuwa anatazama barabara. Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Osmundi mwanangu," alisema shangazi kutoka nyumba ya juu, wala hakupaza sauti, alisema kama tumekaa wote jikoni, na kila neno likanifikia limekamilika, "mgomba ule ulizaa mwaka juzi, na mkungu wake uliula wewe."

Mlipuko wa kicheko ulioporomoka kutoka kilimani sitausahau. Uligonga ule ukuta wangu ukanirudia mara mbili. Lakini baba hakucheka. Alikitazama kigae chake, akageuka, akaingia ndani na moto wake.

Ningekuwa na akili ningeingia kwenye gari la Salumu. Nikapanda kilima. Njia ya kwetu ni moja tu, inapita mbele ya kila mlango, na kila mlango ulikuwa na watu wake, na mimi nimelelewa vizuri, siwezi kumpita mkubwa bila shikamoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana vyoo. Vya kwetu huku utavitazama lini?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sema polepole, usije ukasikika Songea."

Ngazi ya tano nikamkuta mwenyekiti amemshika mkewe mkono, anamuuliza kwa uchungu, "Kumbe ni la kike? Na wewe ulijua?" na mkewe ameficha uso kwenye kanga, hajulikani analia au anacheka. Mimi na mwenyekiti tukatazamana, nikasema shikamoo, akavua koti akalikunja.

Baba alikuwa amechuchumaa jikoni, anarudisha makaa kwenye moto, moja moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, nimekuja kuomba radhi."

"Sikusikii."

Nikasogea. "Naomba radhi, baba. Nimekosa."

"Hapa sisikii vizuri. Macho yamekwisha, labda na masikio. Kule chini ulisikika vizuri sana." Alisema bila kunitazama. "Rudi kule ukaseme."

Nikateremka, milango ileile, nyuso zilezile, ila safari hii hakuna aliyenitania, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikasimama palepale katikati ya mkunjo. Salumu alikuwa amehama, amejificha nyuma ya nguzo na kofia yake mkononi. Nikasema kwa sauti ya chini, kwa sababu sikuwa na nyingine:

"Baba, nimekosa. Nilikudharau kabla sijajifunza nilichokuwa nakidharau. Uliniambia kuhusu ukuta huu nikacheka. Jiwe lako nililing'oa nikakuficha. Naomba unisamehe, na Ngazini wote mnisamehe."

Sauti ya baba ikaja sikioni kwangu, kavu, ya karibu kuliko alivyowahi kuwa karibu nami tangu nirudi:

"Jiwe langu liko wapi?"

Nilijua liko wapi. Nilikuwa naombea asiulize.

"Liko... kwa wapishi, baba."

"Linafanya nini huko?"

"Ni figa, baba. Limebeba sufuria ya wali wa mgeni."

Sikusikia kicheko. Nilisikia kijiji kizima kikivuta pumzi. Kisha mpishi mmoja, mama mnene mwenye mwiko wa ugali mkononi, akachungulia ukumbini akauliza kwa upole, "Ni figa lipi, tulitoe?"

"La nyuma," nikasema.

"Lilete wewe mwenyewe," ilisema sauti ya baba.

Wapishi wanne wakainua sufuria kwa vitambaa wakaishikilia hewani, mimi nikainama kwenye moshi na suti yangu ya Dar, nikaligusa jiwe, nikaruka. Lilikuwa limekaa motoni tangu alfajiri. Nikavua koti, nikalifunga jiwe ndani yake, nikalikumbatia nikakimbia, koti likaanza kutoa moshi kifuani kwangu, na ni wakati huo huo, bila shaka, baada ya kusubiriwa asubuhi nzima, gari la mgeni rasmi likatokea kwenye kona. Bwana mkubwa akateremka akamwona mtu mwenye tai akikimbia huku anafuka moshi.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mtaalamu wetu aliyejenga," akajibu mwenyekiti, amevaa shati tu.

"Wa vyoo!" ikaongeza sauti ya mtoto ngazi ya pili, na kilima kikalipuka upya.

Nikalitua jiwe kwenye kona ya baraza. Koti lilikuwa na tundu la duara mgongoni, ukiliinua unaona bonde. Nilipogeuka baba alikuwa amefika, mikono mitupu, hana kigae. Akawaambia mafundi wangu wachukue nyundo na tindo, wakatoa matofali mawili niliyoyafunika kwa lipu, akakanda udongo mwenyewe, saruji hakuitaka, kisha akaliinua lile jiwe kwa viganja vyake. Viganja vya fundi mwashi havisikii moto kama vyetu. Akalikalisha. Mvuke ukapanda kwenye udongo mbichi.

"Moto wangu niliurudisha jikoni," aliwaambia watu, "lakini mmeona, mwanangu ameuleta mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Shika timazi."

Nikashika. Ule uzi ukaning'inia umenyooka kando ya jiwe la baba yangu, na kati yao kulikuwa na vidole viwili vilevile.

"Vipi?"

"Limenyooka, baba."

"Mwongo. Limepinda." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Liache. Linaegemea kilima, masika maji yakija yatalikaza. La kwako kwenye kona ile nyingine litasukumwa."

Shangazi akapiga kigelegele kule juu na wanawake wote wakampokea, ngazi kwa ngazi, kikateremka mpaka kikatukuta. Baba akaingia ukumbini, akaugusa ukuta wangu uliopinda kwa ncha za vidole, akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Na mgeni rasmi, masikini, akapanda kusimama palepale kwenye mkunjo, akamwinamia dereva wake akamnong'oneza, "Hotuba fupi, wali unapoa." Kijiji kizima kikampigia makofi. Hajui mpaka leo ni kwa nini.

Miaka imepita mingi. Kona ya pili, ile niliyoinyoosha mimi kwa pima maji, ilipasuka masika ya tatu. Ya baba iko vilevile, imepinda vilevile. Siku hizi Ngazini hakuna anayeita kwa kupaza sauti. Mwenye habari hushuka ukumbini, husimama kwenye mkunjo, huizungumza polepole, na nyumba zote huisikia, na wazee wanasema kwa habari za misiba ni vizuri hivyo, hazimshtui mtu. Baba alipofariki, ilikuwa asubuhi, niliteremka mimi. Nilisimama pale nikasema, "Mzee Kasiani ametutoka," maneno matatu tu, nikashindwa kuongeza, na sikio langu likajaa pumzi za watu wa ngazi zote, na kikohozi kile hakikuwemo.

Tangu wakati ule nimejenga majengo mengi kuliko mtu yeyote wa kwetu (mkitaka orodha ninayo), na sijachora mstari wowote wa penseli kabla ya kumtuma mtu apande mahali pa juu aite jina, nami nimesimama katikati ya kiwanja, kofia mkononi, nasikiliza. Wateja wenye haraka hunicheka. Nawaacha wacheke. Na nimejiapiza, ndani ya jengo lolote lenye ukuta uliopinda, liwe kanisa, liwe benki, sitamsema mtu hata kwa wema.

Mwaka huu nilipanda Ngazini kutazama bati. Nilikuwa peke yangu, ukumbi mtupu, nikajikuta nimesimama palepale kwenye mkunjo, mdomo nimeufunga kabisa kama nilivyojiapiza. Nikakaa kimya, nikasikiliza upepo. Kisha sikioni ikaja sauti ya shangazi Winifrida, ambaye sasa hatoki nje ila kwa kushikwa mkono, nyembamba, ya karibu:

"Sema basi, Osmundi. Mbona umenyamaza? Tunasubiri."